Pazia la Mama Bulumbi

Kabla sijawaambia habari ya panya, acheni niwaambie habari ya breki.

Baiskeli yangu ya kwanza haikuwa na breki. Wakati ule pale Busia kulikuwa na geti la Uganda na geti la Kenya, na katikati kipande cha barabara ambacho hakikuwa cha mtu. Kipande hicho ndicho kilichotulisha. Abiria anashuka upande mmoja, ana mizigo, jua linamchoma, nasi tunamzunguka kama nzi tukipiga kelele, "Boda! Boda!" Ndilo jina mnaloziitia pikipiki zenu leo, hata kule ambako hakuna boda, yaani mpaka, wowote wa kuvuka.

Mimi nilisimamisha baiskeli kwa kandambili. Unainua mguu, unabana soli kwenye tairi la nyuma, unaomba Mungu. Siku moja nilimpakia mama mmoja muuza omena, wale dagaa wa ziwani, mama mwenye mwili wake, na gunia juu. Tulipokaribia geti la Kenya nikabana kandambili, ikakatika. Tukampita askari, tukapita kizuizi, tukaingia ndani ya lundo la nyanya.

Askari akaja mbio. "Wewe! Umeingia Kenya bila ruhusa!"

"Afande, mimi sikuingia. Baiskeli ndiyo imeingia."

Yule mama, amekaa juu ya nyanya, akamwambia askari, "Muache. Nilimwambia anifikishe sokoni, si amenifikisha?"

Basi tangu siku hiyo nikawa mwendeshaji wa polepole kuliko wote Busia. Wenzangu wakanipa jina Jeneza. Abiria walinikimbia. Nilikaa pale na baiskeli yangu nikipiga miayo, mpaka alipotokea mzee mmoja mwembamba, kofia kichwani, amekumbatia boksi lenye matundu. Akauliza, "Nani kati yenu anaendesha polepole?" Wote wakanyoosha kidole kwangu wakicheka.

Huyo alikuwa Mzee Ochwo wa Nagongera. Ndivyo ilivyokuwa, wajukuu zangu. Wengine wanapata kazi kwa vyeti, mimi nilipata kwa kukosa breki.

Getini kwetu, upande wa Uganda, ofisa akagonga lile boksi. "Ndani kuna nini?"

"Panya," Ochwo akasema.

"Panya!"

"Weupe."

"Kwani Uganda imeishiwa panya, mzee?"

Ochwo akatoa karatasi yenye muhuri. Ofisa akaisoma, akaigeuza, akaisoma tena, akachungulia tundu moja, na pua ya pinki ikamchungulia yeye. Akaruka nyuma. Tukapita. Siku hiyo watu wenye sukari na mafuta ya kupikia wote walipita njia za panya, kule nyuma ya mashamba. Panya wenyewe ndio waliopita barabara kuu na muhuri wao.

Tulipofika stendi Ochwo akaniambia, "Wewe naendesha kama mtu amebeba mayai. Panya inapenda mtu kama wewe. Wewe nataka kazi?"

"Kazi gani?"

"Kuuliza panya inataka nini."

"Na ikijibu?"

"Iko daktari ya kuandika."

Shule mimi niliishia darasa la tatu pale Masafu. Mwalimu hakunifukuza; mimi na shule tulichokana tu. Kwa hiyo nyinyi vijana mnaoanza kazi kwenye nyumba za wanyama, mnaosoma haya mkiwa na vyeti vyenu vya rangi, msitafute hapa maneno makubwa. Nawapa niliyoyaona kwa macho na niliyoumwa vidoleni.

Nyumba yetu ya panya ilikuwa Tororo, upande ambao lile jiwe refu kama mlima linaonekana lote dirishani. Panya wa magonjwa walikuwa na nyumba yao mbali, yenye kufuli, na mimi huko sikuingia hata siku moja. Wetu walikuwa wazima. Kazi yao ilikuwa moja, kuonyesha nini kinamfanya kiumbe ainuke pale alipokaa.

Kifaa chetu kilikuwa sanduku la vioo. Ndani kuna kipande cha chuma kimetokeza ukutani. Panya akikikanyaga, kidonge kimoja cha chakula kinaanguka kwenye kisahani. Madaktari walikuwa na jina lao refu la chuma kile. Mimi, mtu wa baiskeli, nilikiita pedali, na mwisho nyumba nzima, madaktari na wote, wakakiita pedali. Siku hizi nasikia kamera inamtazama panya na kompyuta inahesabu, nanyi mnakunywa chai. Enzi zetu kamera ilikuwa macho yangu, na chai nilikunywa nikiwa nimepindua shingo.

Ochwo alinifundisha mambo ambayo kamera haitawafundisha. Panya humvuti mkia, mkia si kamba ya mbuzi. Unapitisha mkono chini ya kifua, unambeba kama kitoto kilichotapika. Usioge na sabuni ya marashi. Mimi niliwahi kuoga na sabuni ya mke wangu siku ya Jumapili, Jumatatu panya wote wakajibanza pembeni kama nimekuja na paka mfukoni. Chupa ya maji usiitazame tu ukasema imejaa. Gusa ncha kwa kidole uone tone linatoka, maana chupa iliyojaa na kuziba ni kiu tupu. Ukiona wekundu puani au chini ya jicho, usipige kelele damu, damu. Ni machozi. Panya akiwa na shida machozi yake ni mekundu. Tafuta shida iko wapi.

Na hili kubwa: panya wa kazi hupewa chakula kidogo kabla, ili awe na hamu. Hamu, si njaa ya kufa. Kila asubuhi unampima kwenye mzani, akipungua unamuongeza. Ochwo alisema, "Mtu yenye njaa kidogo inafanya kazi. Mtu yenye njaa sana inaiba."

Namna ya kumfundisha panya pedali ni kupaka karanga iliyosagwa kidogo sana juu ya chuma. Anakuja kunusa, anakanyaga kwa bahati, kidonge kinaanguka, anashtuka, anakula, anaanza kufikiri. Wiki yangu ya kwanza nilipaka kama mtu anayepaka mkate. Panya wakakaa siku nzima wanaramba pedali, vidonge hawana habari navyo. Ochwo akachungulia, akasema, "Wewe umewafungulia hoteli."

Sasa twende kwa Daktari Akinyi.

Alikuja kutoka ng'ambo ya mpaka, msichana wa Kisumu, hajawa daktari bado, ila sisi tulimwita hivyo na hakukataa. Alitaka kujua kipi kina nguvu zaidi, njaa, kiu, mwenzi au mtoto. Alikuwa na mikono mitulivu na kicheko cha kumwamsha mlinzi. Siku yake ya kwanza alimtoa mama panya kiotani, watoto wake akawaweka upande wa pili wa kijito cha maji baridi tulichokitengeneza kwa karai. Yule mama alikuwa na njaa, na chakula kilikuwa upande wake. Hakukitazama. Akaingia majini, akawabeba mmoja mmoja mdomoni mpaka wakaisha. Akarudi. Akinyi akamwekea watoto wa jirani, akawabeba. Akamwekea kifutio cha penseli, akakibeba. Ochwo akaingiza kidole kuona, akajaribu kumbeba Ochwo.

"Wacha, mama," Ochwo akamwambia, "mimi nimeshakua."

Akinyi alicheka mpaka akakaa chini. Kutoka siku hiyo tukawa watu wa nyumba moja.

Kwenye kundi lake kulikuwa na panya mmoja niliyemjua zaidi. Alipozaliwa mama yake alimkataa. Akabaki kama kipande cha ulimi, anatetemeka. Nilimkuza mimi kwa maziwa ya kudondosha, ndani ya boksi lenye pamba, nyuma ya jiko la kuchemshia vyombo, kwa sababu pale palikuwa na joto. Akakua, akafumbua macho, akaota manyoya meupe kama kanzu ya padri. Tulimwita Karani. Mwekeni kwenye sanduku la pedali, atakaa pembeni, mikono ameikunja kifuani, anangoja kama mtu wa ofisini anayengoja chai iletwe.

Na tatizo lilikuwa hilo hilo. Karani hakufanya kazi.

Wenzake walikanyaga pedali kama wanakimbilia Kampala. Karani alijibanza kona. Tukimrudisha kwenye kizimba chake, chini kabisa kwenye rafu ya nyuma, anakula vizuri na kunywa na kucheza na mke wake. Maana alikuwa na mke, kijike kimoja chenye sikio lililokatika, tulichompa kwa ajili ya ile hesabu ya mwenzi. Kwa hiyo si ugonjwa, na jino halimuumi. Ukimweka sandukuni tu, amegoma.

Sasa, nyumba ile ilikuwa na Mkubwa wake. Jina lake haliwasaidii kitu. Alikuja kila Ijumaa, anatembea mikono nyuma, anauliza kila panya anafanya nini. Panya asiyefanya kitu hakuwa na nafasi. Alimtazama Karani, akamwambia Akinyi, "Huyu anakula bure. Ijumaa ijayo asipofanya kazi, alazwe."

Kulazwa si kulala, vijana wangu, anayelazwa haamki. Mnajua.

Akinyi akajibu, "Sawa, bwana." Nilikwenda nyuma ya jiko nikajifanya natafuta ufagio.

Wiki ile tulimjaribu Karani kwa kila kitu. Tulimpakia karanga kwenye pedali. Hapana. Nikaleta mukene, wale dagaa wakavu wa kunukia, akainua pua, akairudisha. Nikaleta kipande cha chapati. Mwanamke anayeuza pombe ya malwa nyuma ya soko akanipa machicha kidogo, yale makapi ya ulezi yanayobaki chunguni, maana nilijisemea hakuna mwanamume wa Tororo anayekataa harufu ile. Karani akakunja mikono. Nikasema naye. Nikamwambia, "Karani, baba, kanyaga mara moja tu, Mkubwa akuone." Alinitazama kwa macho yake mekundu, na chini ya jicho la kushoto nikaona unyevu mwekundu.

"Anaogopa kitu," Akinyi akasema. "Njaa inamvuta, woga unamshika. Lakini woga wa nini? Chumba ni kile kile, sanduku ni lile lile."

Ochwo alikuwa mlangoni anakung'uta kofia. Akaingia polepole. Akasimama, akatazama sanduku. Akatazama meza ya pembeni, chini ya dirisha. Akatazama tena sanduku. Akaanza kutikisa kichwa.

"Sisi wote tatu," akasema, "hapana akili."

"Kwa nini, mzee?" nikauliza.

Akanyoosha kidole kwenye meza. Pale ndipo alipokuwa Mama Bulumbi.

Mama Bulumbi alikuwa panya jike mzee, mnene, amezaa nusu ya panya wa nyumba ile. Tulimpa jina hilo kwa sababu ya kukaa kwake: mabega mapana, macho kwa kila apitaye, kama wale mama wa Bulumbi wanaouza muhogo na hawapunguzi bei. Alikuwa amestaafu kuzaa. Kwa heshima tukamweka juu ya meza, dirishani, apate upepo. Kizimba chake kilitazamana na sanduku la pedali uso kwa uso.

"Mke ya Karani," Ochwo akauliza, "ile ya sikio, nani aliizaa?"

Nikafikiri. "Mama Bulumbi."

"Eh! Sasa munataka kijana ikule mbele ya mama mkwe?"

Nyinyi wa simu labda mnacheka. Sisi kwetu, Wasamia, Wapadhola, Wateso, hata Wajaluo wa akina Akinyi, mkwe hali mbele ya mama wa mke wake. Hata njiani ukimuona anakuja, unakata kwenye migomba. Mimi niliwahi kuruka ndani ya shimo la matofali na baiskeli yangu kwa sababu hiyo, na mama mkwe wangu akapita juu akiuliza, "Nani huyo analia shimoni?" na sikuweza kujibu. Kwa hiyo Ochwo aliposema, mimi sikucheka hata kidogo. Niliona haya kwa niaba ya Karani. Wiki nzima tunamlazimisha mtoto wa watu avunje heshima!

Wakati huo Akinyi alikuwa ametoka kwenda kunawa mikono. Ochwo akaniambia, "Lete nguo." Nikachomoa kitenge nilichomnunulia mke wangu siku hiyo hiyo, chenye maua ya njano, nikakifunga kutoka kwenye bawaba ya dirisha mpaka kwenye msumari wa ukutani. Kikawa pazia. Mama Bulumbi upande ule, Karani upande huu.

Tukangoja. Ochwo akavua kofia kana kwamba tuko kanisani.

Karani akakunjua mikono. Akapanda kidogo, akanusa. Akatembea ukuta kwa ukuta. Akasimama mbele ya pedali, akaweka mguu mmoja juu, kama mtu anayejaribu maji ya kuoga. Kidonge kikaanguka, tak! Akaruka, akarudi, akala. Akakanyaga tena. Tak! Tena! Mimi na Ochwo tulishikana mikono tukaruka kama watoto, kimyakimya, kwa soksi.

Akinyi akaingia. "Nani ameweka nguo dirishani?"

Ochwo akamweleza, taratibu, kwa heshima, kama mtu anayepeleka posa. Akinyi alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaegemea ukuta, akateleza chini, akacheka mpaka akashika mbavu.

"Mzee! Kwetu pia maro, mama mkwe, haliwi mbele yake, baba yangu mpaka leo anakula chumbani. Lakini mzee wangu, huyu ni panya!"

"Panya ya hapa," Ochwo akasema. "Babu yake ilitoka Kenya na karatasi. Yeye imezaliwa Tororo."

"Na heshima alifundishwa na nani?"

"Nani alifundisha yule mama kubeba mtoto ya jirani?"

Hapo Akinyi akaacha kucheka, akamtazama. Ndiyo maana nilimpenda msichana yule. Wengine wangesema wazee hawa ni washamba, wakang'oa pazia. Yeye alikaa pale pale sakafuni, akafikiri. Halafu akasema, "Sawa. Lakini pazia lenu limefanya mambo mawili. Limemficha mama mkwe, na limeziba mwanga wa dirisha. Nani kati ya hao wawili alikuwa anamsumbua? Tuwatenganishe tuone."

Hii, vijana, ndiyo kazi yenyewe. Mengine yote ni kufagia. Ukibadilisha vitu viwili kwa pamoja na mambo yakawa mazuri, shangilia, halafu rudi uvibadilishe kimoja kimoja.

Asubuhi yake tuliondoa pazia, tukamhamishia Mama Bulumbi chumba kingine. Mwanga wote ukaingia. Karani akakunja mikono kona. Hakuinuka.

"Umeona?" Akinyi akasema. "Mama mkwe hayuko, na bado hali. Ni mwanga."

"Harufu yake bado iko kwa meza," Ochwo akasema.

Tukafuta meza kwa sabuni. Tukaifuta tena. Karani hakuinuka.

Mchana tukamrudisha Mama Bulumbi mahali pake, tukafunga mbao za dirisha. Chumba kikawa na utusitusi. Karani akainuka, akakanyaga pedali, akala, mama mkwe wake yuko pale pale. Mimi niligeuka nikatazama ukuta. Sikupenda kuona.

"Mzee Ochwo?" Akinyi akasema kwa upole wa mshindi.

Ochwo hakuyumba. "Giza. Katika giza haioni yeye. Katika giza hata mimi nimekula kwa wakwe, nyama nzima."

Akinyi akachukua kalamu yake. "Hilo," akasema, "ni swali zuri sana." Akaniuliza mimi, "Wandera, huyu ulimkuzia wapi?"

"Nyuma ya jiko."

"Kuna dirisha?"

"Hakuna. Mlango wenyewe ulikuwa gunia."

Akapiga paja. Wenzake wote walifumbua macho kwenye chumba chenye mwanga, wakauzoea. Karani alifumbua macho yake kwenye giza langu la joto, na panya weupe macho yao hayana kivuli ndani, mwanga huwachoma. Hata kizimba chake, tukikumbuka, kilikuwa rafu ya chini nyuma, gizani. Sandukuni tulikuwa tunamkalisha uchi kwenye jua na kumwambia, haya, kula. Akinyi alieleza vizuri sana. Ochwo alisikiliza vizuri sana. Alipomaliza, Ochwo akasema, "Ndiyo. Na tena kuna mama mkwe."

Ijumaa ikaja, na Mkubwa akaja nayo, mikono nyuma. Akakuta pazia langu la maua limerudi dirishani.

"Hii ni maabara au saluni?"

Akinyi akaanza kumweleza habari ya mwanga. Mkubwa akakata. "Panya wengine wote wanafanya kazi kwenye mwanga huu. Yeye ni nani? Toa hiyo nguo. Akifanya kazi kama wenzake abaki. Asipofanya, leo hii."

Nilifungua kitenge. Mwanga ukamwagika chumbani. Karani akarudi kona, akakunja mikono. Mama Bulumbi alikuwa amekaa mezani, mabega mapana, anamtazama bila kupepesa.

Akinyi hakubishana. Akachukua boksi la glovu lililokwisha, akakata kipande, akakikunja kama paa la kibanda, akakisimamisha juu ya pedali ndani ya sanduku. Kivuli cha ukubwa wa kiganja. "Mwanga ni ule ule, bwana," akamwambia Mkubwa. "Nimempa tu mahali pa kuweka kichwa."

Mkubwa akatazama saa yake.

Karani akalitazama lile paa. Akalinusa kwa mbali. Akatoka kona hatua moja, akarudi. Akatoka tena, tumbo linasugua sakafu, masikio yamelala. Katikati ya sanduku, kwenye mwanga wote, akasimama akainua kichwa, akamtazama Mama Bulumbi. Naye akamtazama. Nilihisi mkono wa Ochwo umenishika begani.

Karani akaingia chini ya paa. Akageuka. Akampa mama mkwe mgongo mzima, pamoja na mkia. Akakanyaga.

Tak!

Akala hivyo hivyo, mgongo nje, kama mkwe yeyote mwenye adabu aliyekaribishwa kwa ghafla na hana pa kukimbilia. Akakanyaga tena, na tena, mpaka Mkubwa akasema, "Basi, basi, nimeona. Abaki," akaenda zake kunywa chai.

Ochwo akamwinamia Akinyi. "Umeona mgongo?"

"Nimeona kivuli, mzee."

"Mgongo."

"Kivuli!"

Walibishana hivyo mpaka kazi yake Akinyi ikakaribia mwisho. Asubuhi badala ya salamu, mmoja anasema "mgongo" na mwingine anasema "kivuli", na mimi nampima Karani kwenye mzani. Alinenepa. Akawa mfanyakazi hodari kuliko wote. Sikuwa na haraka ya kumaliza ubishi ule, kwa sababu nilijua kazi ikiisha kinachofuata. Hodari na mvivu, panya wa kazi iliyokwisha wote hulazwa. Ndiyo sheria ya nyumba, niliijua tangu siku ya kwanza. Nilifikiria kumwomba Akinyi anipe Karani. Kila nilipoanza nikaishia kuuliza habari ya maji.

Siku ya mwisho Akinyi alikuwa na swali moja limebaki. Tumemuuliza panya akiwa na njaa, akiwa na kiu, akiwa mpweke. Je, akiwa na kila kitu? Chumba kilikuwa kinapakwa chokaa, kwa hiyo tukatoa sanduku barazani. Ndani tukaweka chakula tele, maji, pamba, paa lake la kivuli, na mke wake mwenye sikio lililokatika. Halafu Akinyi akafungua mlango wa sanduku, akauacha wazi, akasimama kando na kiwavu cha kudakia. Mama Bulumbi, ndani ya kizimba chake, tulimweka kwenye kiti, apunge upepo.

"Hatatoka," mimi nikasema. "Ana kila kitu. Na nje kuna jua."

Karani alikula kidogo. Akanywa. Akamsafisha mke wake shingoni. Akaja mlangoni, akakaa pale, akakunja mikono, karani kabisa, anatazama nje. Jua lilimpiga machoni akayafumba nusu. Halafu akakunjua mikono, akashuka.

Hakukimbia. Alitembea. Alipofika mbele ya kiti cha Mama Bulumbi akageuza uso upande, akapita. Akashuka ngazi, moja, kisha ya pili, kwa tumbo.

"Wandera, mfuate!" Akinyi akasema, na kiwavu kikainuka.

Ochwo akaninyooshea mkono kifuani.

"Wacha," akasema. "Mwanaume inakaa kwa wakwe mpaka lini? Yeye nakwenda kujenga kwake."

Akinyi alisimama na kiwavu hewani. Tulikuwa tunaweza kumdaka. Mimi mwenyewe, na magoti yangu, ningemdaka. Akinyi akamtazama Ochwo, akanitazama mimi, na sijui aliona nini usoni pangu. Akashusha kiwavu taratibu, akakiegemeza ukutani.

Majani ya ua yalitikisika, yakafuatia ya ng'ambo ya ua, kwenye mihogo ya jirani, upande wa Busia. Tulisimama mpaka yakatulia. Tukaacha mlango wa sanduku wazi hadi tulipofunga kazi, na chakula ndani, na mke wake ndani. Hakurudi.